Barbi milia na majirani zake tangini: tathmini ya mfugaji

Samaki aitwaye gurami wa lulu niliyemtia katika tangi langu alikuwa na nyuzi mbili ndefu zilizoning'inia chini ya kifua chake, nyembamba kama uzi wa kushonea, ambazo kwa hakika ni mapezi yaliyogeuka kuwa viungo vya kupapasia na kuonjea. Asubuhi ya nne uzi wa kushoto ulikuwa umebaki kipande kisichozidi urefu wa ukucha, na wa kulia ulikuwa umekatika nusu. Mwilini hakuwa na jeraha lolote. Alikuwa amejibanza nyuma ya bomba la chujio, kichwa kikielekea kioo, huku barbi milia watatu wakizunguka upande wa pili wa tangi kwa utulivu, kama watu wasiohusika na jambo lolote. Tathmini hii inawahusu hao watatu, ambao baadaye walikuja kuwa kumi na wawili, pamoja na samaki wengine ambao nimewahi kuuziwa, kushauriwa au kukatazwa kuwaweka pamoja nao katika miaka mitatu ya kuwafuga.

Barbi milia, ambaye wauzaji wengi humwita taiga barbi, ni samaki wa maji yasiyo ya chumvi, mwenye asili ya Sumatra na Borneo. Alielezwa kitaalamu mwaka 1855 na Pieter Bleeker, daktari wa jeshi wa Kiholanzi aliyekuwa akikusanya na kuainisha samaki wa visiwa vya Indonesia, na tangu mwaka 2013 amewekwa katika jenasi ya Puntigrus, kwa jina kamili la Puntigrus tetrazona. Sehemu ya pili ya jina hilo inahesabu mikanda yake minne myeusi: mmoja hupita juu ya jicho, wa pili hukatiza mbele ya pezi la mgongo, wa tatu huanzia nyuma yake, na wa nne hufunga shina la mkia. Akikomaa hufikia sentimita sita hivi, pengine saba, na akitunzwa vizuri huishi miaka mitano au zaidi. Dume ni mwembamba kuliko jike, na pua yake hukolea wekundu anapokuwa na afya njema na wapinzani wa kumtazama. Kwa uzuri wa umbo na wepesi wa mwendo, sijaona samaki mwingine wa kiasi chake anayemzidi. Na kwa sifa mbaya vilevile, kwa sababu kila mwenye tangi anamjua kuwa ni mnyofoaji wa mapezi.

Sifa hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye manufaa kwa mnunuzi. Barbi milia huishi kwa daraja. Ndani ya kundi lake daima kuna anayetawala, kuna wanaomfuata kwa karibu, na kuna wa chini wanaotafuta nafasi. Na daraja hilo halitunzwi kwa heshima, bali kwa kufukuzana, kusimama ubavu kwa ubavu, kutanua mapezi na kudonoana mchana kutwa. Kundi likiwa kubwa, madonoo hayo hugawanyika kwa wengi, hayamwelemei mtu mmoja, na wote hubaki na shughuli. Kundi likiwa dogo, mkubwa humwandama mdogo mmoja hadi amchoshe, kisha nguvu iliyobaki humwangukia jirani yeyote aliye karibu. Jirani huyo akiwa na pezi linalopepea polepole, basi ameingia pabaya zaidi, kwa maana samaki hana mkono: akitaka kujua kitu ni nini, hukidonoa, na kikikatika hukila.

Duka lililoniuzia wale watatu liliniambia kwamba watatu wanatosha, na kwamba gurami angepatana nao kwa sababu wote wanatoka sehemu moja ya dunia. Kuhusu asili, muuzaji hakukosea: gurami wa lulu naye anapatikana Sumatra na Borneo. Lakini katika mito na vinamasi vya huko, samaki aliyechoka kusumbuliwa huhama, na tangini hana pa kuhamia. Ramani ya asili haikusaidii chochote ikiwa kioo kiko umbali wa mapezi machache. Nimeshawasikia wauzaji wengi wakiitumia hoja hiyo ya asili moja, na kila mara naikumbuka ile asubuhi ya nne.

Kwa hiyo, kabla ya kumtathmini jirani yeyote, naomba nieleweke kwamba jirani wa kwanza wa barbi milia ni barbi milia mwenzake. Nilipoongeza idadi kutoka watatu hadi wanane, kisha baada ya miezi miwili hadi kumi na wawili, mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni kwamba walianza kuogelea kama kundi, jambo ambalo watatu hawakuwahi kulifanya. Waligeuka pamoja, wakasimama pamoja mbele ya mkondo wa chujio, na usiku wakapumzika vichwa vikiinamia chini kidogo, mkao ambao humtia hofu mfugaji mpya ingawa kwao ni wa kawaida. La pili ni kwamba kufukuzana hakukukoma, tena kuliongezeka, lakini kulibaki baina yao. Asiyependa kuona samaki wakikimbizana hatafurahishwa na idadi yoyote. Nane ndiyo idadi ya chini ninayoweza kuipendekeza bila kusita, na kumi au kumi na wawili ni bora zaidi. Sita, ambayo huandikwa mara nyingi kwenye vibandiko vya matangi ya madukani, ni idadi ya kubahatisha. Wakiwa watatu, ningewapa nyota moja kati ya tano. Wakiwa kumi na wawili, ningewapa nne na nusu, na hiyo nusu iliyopotea ni ya gurami.

Kwa wale wanaotaka rangi mbalimbali, lipo jambo ambalo maduka hayalisemi vya kutosha. Barbi wa rangi ya kijani iliyokoza kama ya kuvumwani, na yule mweupe wa macho mekundu mwenye mikanda iliyopauka, wote ni spishi ileile iliyochaguliwa rangi na wazalishaji. Wanatambuana, wanakaa katika kundi moja na kugombea daraja moja. Ukichanganya milia sita, kijani wanne na weupe wawili, umepata tangi lenye sura tatu bila kumleta mgeni hata mmoja, na umeokoa mapezi ya wengi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 50, yaani lita 240 kwa hesabu ya nje, ambazo hupungua ukishatoa mchanga, mawe na nafasi ya juu. Kwa barbi peke yao, sentimita 80 na zaidi ya lita 100 zinatosha. Majirani ndio wanaodai nafasi zaidi. Urefu una thamani kuliko kimo, kwa sababu samaki hawa hukimbia kwa mstari mlalo, na anayefukuzwa anahitaji mita ya kukimbilia pamoja na kona ya kupotelea. Nimepanda mimea minene katika ncha zote mbili, nikaweka magogo mawili katikati yanayokata mtazamo, ili mkubwa asiweze kuona tangi lote akiwa mahali pamoja. Joto naliweka nyuzi 25, bakteria wanaosafisha maji ya tangi walishakomaa kabla ya samaki yeyote kuingia, kwa maana ya kwamba amonia na nitriti zilisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, na theluthi moja ya maji hubadilishwa kila wiki.

Sasa majirani. Baada ya kupoteza nyuzi za gurami nilijiwekea utaratibu wa kumwangalia samaki kabla ya kumuuliza muuzaji lolote. Natazama mapezi yake kwanza: mafupi na yaliyokaza, au marefu yanayoburuta? Kisha natazama mwendo wake anaposhtuliwa na kivuli cha mkono, kwa kuwa samaki anayegeuka polepole atashikwa. Halafu natazama anakaa tabaka gani la maji, kwa sababu barbi hutawala katikati, na anayekaa chini kabisa hukutana nao kwa nadra. Kimo cha mwili nacho kina uzito wake, maana aliye mdogo mno hugeuka kuwa kitoweo, na aliye mkubwa mno huwageuza barbi kuwa kitoweo. Joto na ubora wa maji huja mwishoni, si kwa kuwa ni vidogo, bali kwa kuwa ndivyo vilivyo rahisi kuvijua kwa kipimo.

Kwa vigezo hivyo, waliofaulu kuliko wote katika tabaka la kati ni samaki wa upinde wa mvua wa aina ya Boeseman, Melanotaenia boesemani, wanaotoka maziwa ya Ajamaru katika upande wa magharibi wa kisiwa cha New Guinea. Dume lililokomaa hufikia sentimita kumi au zaidi kidogo. Nusu ya mbele ni ya buluu ya kijivu, na ya nyuma ni ya rangi ya chungwa. Mwili wake ni wa bapa na mzito kuliko wa barbi, mapezi yake ni mafupi, na akikerwa huondoka kwa mpigo mmoja wa mkia ambao barbi hawezi kuufuata. Nilinunua sita. Siku mbili za kwanza barbi waliwafuata kwa udadisi na kuwajaribu. Siku ya tatu walikuwa wamewaacha, na tangu hapo sijaona pezi lililokatika. Kasoro yao ni kwamba madukani, wakiwa wachanga, huwa wamepauka kabisa na hawamvutii mtu. Mnunuzi lazima awe na subira ya karibu mwaka mzima kabla ya kuziona zile rangi. Nawapa nyota tano.

Danio nao wanafaa, ingawa kwa sababu tofauti. Danio mwenye mistari ya mlalo, Danio rerio, ambaye maabara nyingi za baiolojia humfuga kwa utafiti, ni mdogo wa sentimita nne hivi, lakini hatulii mahali hata sekunde, na huishi karibu na uso wa maji. Barbi hujaribu kumfukuza kisha huchoka. Wanaofaa zaidi katika tangi refu ni danio wakubwa wa jenasi ya Devario, wanaofikia sentimita kumi. Jambo la kuangalia ni aina ya danio wenye mapezi marefu waliochaguliwa na wazalishaji: kwa wepesi ni danio, kwa mapezi ni windo. Nilimwona mmoja katika tangi la rafiki yangu, mkia wake umechanika mithili ya jani la mgomba baada ya upepo, naye bado akikimbia kwa kasi ileile bila kujua kwamba kasi haimsaidii.

Barbi waridi na barbi weusi wenye wekundu wa akiki, jamaa zake wa jenasi ya Pethia, wanaendana naye kwa tabia na kwa ukakamavu. Nina neno moja tu dhidi ya barbi waridi: yeye hupenda maji yaliyopoa kuliko nyuzi 25, na kumweka katika joto la kudumu kwa ajili ya majirani ni kumpunguzia maisha polepole kwa namna isiyoonekana. Barbi cheri, ambaye huuzwa katika kapu moja na hawa kwa sababu ya jina, ni mpole na mwoga. Tangini kwangu angekula baada ya wote na kulala nyuma ya gogo. Sikumnunua.

Tabaka la chini ndilo lenye mazungumzo marefu, kwa sababu ndiko nilikofanikiwa na ndiko nilikokosea.

Botia mikanda, Chromobotia macracanthus, ni samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu mipana myeusi, na yeye pia alielezwa na Bleeker, mwaka 1852, kutoka visiwa vilevile vya Sumatra na Borneo. Hapa kwa mara moja ile hoja ya asili moja inaonekana kutoa matunda, maana barbi na botia hawasumbuani hata kidogo. Nimewaona botia wachanga wakipanda tabaka la kati na kuogelea ndani ya kundi la barbi, mikanda kwa mikanda, hadi mgeni akaniuliza kama wote ni samaki mmoja wa umri tofauti. Botia ana ngozi yenye magamba madogo mno, mwili uliojaa, na chini ya kila jicho ana mwiba ambao huufyatua akitishwa. Mwiba huo unanasa wavuni. Nilijifunza hilo nikiwa nimesimama na wavu mkononi, samaki akining'inia kwa shavu na mimi nikikata nyuzi za wavu kwa mkasi wa kucha. Tangu siku hiyo namhamisha kwa kopo la plastiki. Wakifurahia chakula hutoa sauti ya kudata inayosikika nje ya kioo, na wakishiba hulala ubavu kama maiti, jambo ambalo lilinifanya niinuke kitandani mara mbili usiku ule wa kwanza.

Sifa zote hizo ni kweli, na hata hivyo namtolea onyo kali kuliko samaki yeyote katika tathmini hii. Botia mikanda anauzwa akiwa na sentimita tano, na hukua polepole kwa miaka mingi hadi kufikia sentimita 20 na zaidi, wengine wakikaribia 30. Anahitaji wenzake wasiopungua watano. Botia watano wa kimo hicho hawaenei katika tangi la sentimita 120, hata kama leo wanaonekana kama vidole ndani ya bahari. Tena ni mwepesi wa kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe anapohamishwa, na baadhi ya dawa zinazovumiliwa na samaki wengine humdhuru, kwa hiyo anayemnunua bila tangi la karantini anacheza bahati nasibu kwa niaba ya tangi zima. Mimi nilinunua watano nikijua nusu ya haya. Kwa tabia nyota tano. Kwa uamuzi wangu wa kuwanunua, mbili. Anayetaka botia mwenye kimo cha kuvumilika amwangalie botia wa Almora, anayeishia karibu sentimita 15, mchangamfu na mkorofi wa kutosha kujibu donoo kwa donoo.

Koridora, kambare wadogo wa sakafuni, nao hupendekezwa na wengi, nami nakubali kwa masharti. Wale wa rangi ya shaba, waliojulikana kwa muda mrefu kama Corydoras aeneus, ni imara, wana safu mbili za mabamba magumu ubavuni badala ya magamba, na miiba ya mapezi yao ya mgongo na ya kifua hujifunga wima wanapotishwa, hivyo hakuna barbi anayewadonoa mara mbili. Nilihofia mapezi yao, kumbe tatizo lilikuwa tumbo. Barbi ni mlaji wa haraka na hana mipaka ya tabaka chakula kinapoanguka. Kidonge kinachozama hufuatwa na barbi sita hadi mchangani, kikabebwa na kupiganiwa, huku koridora wakipapasa mahali kilipokuwa. Wiki ya tatu niliona matumbo yao yamebonyea. Dawa yake ni kuwalisha barbi kwanza upande mmoja wa tangi, kuzima taa, na nusu saa baadaye kutupa vidonge gizani upande wa pili. Nimefanya hivyo kila usiku tangu wakati huo, na asiyekuwa tayari kwa utumwa huo mdogo asinunue koridora. Wanataka pia mchanga laini, kwa sababu kokoto zenye ncha hukwangua sharubu zao, na kundi la sita au zaidi.

Kambare mfyonzaji wa jenasi ya Ancistrus, mwenye vinyweleo vya nyama puani, anahitaji maneno machache tu: amevaa mabamba, anafanya kazi usiku, ana pango lake, na barbi hawamwoni. Mmoja anatosha, wala usiweke madume mawili. Awepo gogo la kukwangua, na kipande cha tango au boga kila baada ya siku chache.

Labeo mkia mwekundu, mweusi tititi mwenye mkia kama kaa la moto, huuzwa kama jirani mwenye ubavu wa kuwakabili barbi. Ubavu anao. Nilikuwa naye kwa miezi saba, na tatizo halikuwa mapezi yake bali mapezi ya wengine: alijitwalia theluthi moja ya tangi na kumfukuza kila aliyepita, botia zaidi ya wote kwa kuwa wanagombea sakafu moja. Barbi milia peke yao wangeweza kuishi naye vizuri. Akiwekwa, awe mmoja, na pasiwe na samaki mwingine wa chini mwenye umbo linalofanana na lake.

Waliobaki ni wale ambao sina haja ya kuwajaribu, na ninamwomba msomaji naye asiwajaribu. Gapi dume ni mkia unaotembea. Hatamaliza wiki akiwa mzima. Beta, yule samaki mpiganaji wa Siam, jina lake linadanganya, kwani vita vyake ni vya dume kwa dume na mapezi yake mazito humfanya mwepesi wa kushikwa kuliko wote. Samaki malaika ana nyuzi za tumboni kama za gurami, na ingawa akikomaa ni mkubwa na mkali, huo ukubwa hauzilindi nyuzi. Diskasi anataka nyuzi joto 28 hadi 30 na utulivu, na barbi hatampa hata kimoja. Samaki wa dhahabu ni mzito, wa maji ya ubaridi, na mchafuzi. Kamba wadogo wa mapambo wataliwa, wachanga wao kwanza. Tetra neoni hana mapezi marefu, lakini ni mdogo na hujikusanya kwa woga, na woga huo huwaita barbi. Tetra serpa ni mnyofoaji mwenzake. Nimesoma na kusikia watu wakidai kwamba wanyofoaji wawili hufutana, nami nadhani wanaofutika ni majirani.

Utaratibu wa kuwaingiza una athari ambayo nisingeiamini kama nisingeiona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; barbi milia hajaisikia methali hiyo. Aliyetangulia tangini hulihesabu kuwa lake, hivyo inafaa majirani watangulie na barbi waje mwisho, wote kwa siku moja, baada ya karantini ya wiki tatu hivi. Mimi, niliyewatanguliza barbi, nililazimika kila mara kuhamisha magogo na kupanga upya mimea saa ile ile ya kumwingiza mgeni, ili mipaka ya zamani ipotee na wote wawe wageni kwa siku moja au mbili. Taa izimwe, na mgeni aingie baada ya barbi kushiba.

Siku saba za mwanzo zinastahili kuangaliwa kwa makini, hasa kabla ya chakula cha asubuhi. Pezi lililonyofolewa huonekana kama limeng'atwa kwa duara dogo, ukingo wake ukiwa safi na mwangavu. Ukingo ukiwa mweupe wa ukungu, umechakaa au una wekundu, hapo bakteria wameshaingia, na kubadilisha maji peke yake huenda kusitoshe. Kipande kimoja kidogo kilichonyofolewa hakinitishi. Viwili kwa samaki yuleyule ndani ya juma moja ni hukumu, na mimi humtoa aliyedonolewa, simtoi mdonoaji, kwa sababu nimewahi kumtoa barbi aliyekuwa akiongoza na kesho yake wa pili akashika kazi hiyo kwa bidii zaidi.

Gurami wa lulu alihamia tangi la lita 90 lenye koridora peke yao. Kwa maji safi, na kwa kuwa mashina ya nyuzi hayakung'olewa, uzi wa kulia ulirefuka tena ndani ya miezi mitatu. Wa kushoto umerudi mfupi na una kigoti katikati. Hadi leo, kivuli cha samaki yeyote kikipita haraka juu yake, huzikunja nyuzi zote mbili na kuzibana tumboni.

Botia mkubwa kuliko wenzake nilimpima jana dhidi ya rula niliyoibandika nje ya kioo. Ana sentimita 14, na tangi la kumhamishia bado sina.